Nilivyojifunza kubaki ndotoni

Kwa miezi mitano ndoto zangu za kujitambua hazikuzidi urefu wa sentensi moja. Naona jambo lisilowezekana, tuseme ngazi inayopanda hadi ndani ya kioo, najiambia "Kumbe naota!", na kabla mshangao haujaisha nipo kitandani, macho kodo, moyo unadunda. Kugundua kwamba naota nilishakuweza. Kubaki ndiko kulikonishinda.

Nilidhani kinachonitoa ni furaha. Basi nikawa kila nikigundua najituliza, navuta pumzi taratibu, nasimama kama mtu anayepigwa picha. Nikatolewa vilevile, safari hii nikiwa mtulivu.

Kilichonisaidia ni daftari. Watu huandika walichoota. Mimi nikaanza kuandika ndoto ilivyokatika. Baada ya kurasa kadhaa nikaona mpangilio ule ule. Rangi hupauka kwanza. Kisha vitu vya pembeni vinapoteza umbo, kama vimefunikwa na moshi. Mwisho nasikia uzito wa blanketi, na hapo mambo yamekwisha. Nikirudi nyuma kidogo, kabla rangi haijapauka, karibu kila mara nilikuwa nimefanya moja kati ya mambo mawili: nimekodolea macho kitu kimoja muda mrefu, au nimejiuliza, "Hivi pale kitandani nimelala chali au ubavu?" Mwili ule ukiukumbuka tu, umeuita. Na ukiitwa, unaitika.

Sababu yake inaeleweka. Katika usingizi ambao ndoto nzito hutokea, ubongo huchangamka karibu kama wa mtu aliye macho, huku misuli mingi ya mwili ikiwa imelegezwa isitii amri. Macho hayamo katika kifungo hicho. Ndivyo ilivyothibitishwa kwamba mtu anaweza kujua anaota huku amelala: mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alirekodi macho ya mwotaji Alan Worsley, ambaye walikuwa wamekubaliana kwamba akijua yumo ndotoni ayapeleke kushoto na kulia kwa mpango maalumu. Ishara ikaonekana kwenye mashine ilhali mwenyewe amelala. Baadaye mtafiti Stephen LaBerge alifanya majaribio ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Mimi katika habari hiyo sikuvutiwa na mashine. Nilivutiwa na Worsley: aliingia ndotoni akiwa ametumwa. Alikuwa na kazi. Mimi nilikuwa naingia kama mgeni asiyejua akae wapi, nashangaa, naondoka.

Nikaanza na mikono. Mara tu nikijua naota, nasugua viganja, kwa nguvu, hadi nihisi joto na ukwaruzo wa ngozi. Mbinu hii si yangu. LaBerge aliieleza, na maelezo yake ni mepesi: hisia za mwili wa ndotoni zikiijaza akili, inakosa nafasi ya kusikiliza mwili wa kitandani. Usiku wa kwanza nilioijaribu, rangi zilizokuwa zimeanza kupauka zilirudi. Sikuwahi kuona hilo. Nikatoka viganjani nikagusa ukuta, nikapapasa mbao za mlango, nikaokota jiwe nikalipima uzito. Nilijifunza kutembea huku nagusa, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Macho nayaacha yazunguke. Yakitua mahali pamoja sana, pale mahali huyeyuka.

Kuzunguka kama pia nako nilikujaribu. Unanyoosha mikono na kujizungusha ndoto inapoanza kufifia. Kwangu kulifanya kazi nusu: nilibaki usingizini, ila nikaibukia chumbani kwangu, nikadhani nimeamka. Nikachukua daftari nikaandika ukurasa mzima kwa furaha, mwandiko mzuri kuliko wangu. Halafu nikaamka kweli. Daftari tupu! Tangu hapo kila nikiamka nabana pua kwa vidole na kujaribu kuvuta pumzi kupitia puani. Ikipita, bado naota. Ni kipimo cha kipuuzi ukionwa na mtu, lakini kimeniokolea ndoto nyingi.

Kazi ya kujituma nayo iwe ndogo. Nilipopanga kuruka juu ya bahari nilidondoka kitandani. Nilipopanga kufungua droo tatu na kutazama kilichomo, nilifika ya tatu. (Ilikuwa na maji, yametulia, hayamwagiki.) Siku niliyofika droo ya tatu niliamka nikiapa nimekaa mle saa nzima. Ikabidi nicheke nilipokumbuka kwamba LaBerge aliwahi kuwafanya waotaji wahesabu sekunde ndotoni, na muda wao ukakaribiana na wa kawaida. Nikaipitia upya ndoto yangu, hatua kwa hatua, kwa kuhesabu. Dakika tatu, labda nne.

Kuhusu muda wa usiku sina mengi: vipindi vya usingizi wa ndoto nzito hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, kwa hiyo nilikuwa naamka baada ya kama saa tano, nakaa macho nusu saa, narudi kulala. Inachosha. Sikuwa nafanya zaidi ya mara mbili kwa wiki, na wiki ambazo usingizi wenyewe ulikuwa mbovu niliacha kabisa. Mara moja moja njia hii iliniletea jinamizi, naamka akilini lakini siwezi kuinua hata kidole. Inatisha, ila nikijua ni misuli tu haijafunguliwa, nasubiri inapita.

Jambo la mwisho nililogundua lilikuja kwa uvivu. Usiku mmoja nilitolewa na sikuwa na hamu ya daftari wala ya kubana pua. Sikufungua macho, sikusogeza hata mguu. Nililala pale pale nikiendelea kukumbuka ubaridi wa kitasa nilichokuwa nimekishika. Baada ya muda mfupi sikuwa nakumbuka tena. Kitasa kilikuwa mkononi, kikazunguka, na mlango ukafunguka.