Benyamini, ambaye mama alimwita Masumbuko

Jana jioni tunachambua mchele, mtoto wa mdogo wangu kaniuliza, "Shangazi, mbona bibi wa Nzega anamwita baba Masumbuko na kwenye kitambulisho kaandikwa Benyamini?" Nikamjibu harakaharaka kwamba Benyamini ni Kiebrania, ben ni mwana, yamini ni mkono wa kuume, upande wa heshima na nguvu. Karidhika, kaenda kucheza. Mi ndo nikabaki na ungo mapajani.

Maana nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa, mama alijifungua usiku, kulipokucha hatunaye, na mama mdogo akasema kabla hajakata kauli mama aliagiza mtoto aitwe Masumbuko. Hakuna aliyeshangaa, kwetu majina hayo yapo tele, kina Tabu, kina Shida, kina Mateso.

Matanga yalipoisha baba akatukusanya chini ya mwembe. Ile Biblia yake naiona hadi leo, jalada limeshonwa kwa kamba ya kiatu, kaifungua Mwanzo 35, karatasi zinatetemeka na upepo wala haupo. Mama mdogo yuko mkekani kampakata mtoto, kamfunga ile kanga ya kijani ya mama, bado inanukia moshi wa jiko lake. Baba akasoma kwa sauti, "lakini babaye alimwita Benyamini," akafunga kitabu. Wakati anasoma kidole gumba chake kilikuwa kimeziba maneno yaliyotangulia. Mama mdogo hakubisha, akamvuta mtoto kifuani akamnong'oneza, "Lala, Masumbuko."

Nimekuja kuusoma mstari wa 18 mwenyewe nimeshakuwa mkubwa, ndo nikajua kile kidole kilificha nini. Raheli, njiani kwenda Efrata, ndiyo Bethlehemu, roho inamtoka, kamwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo ndo akabadili. Baba namwelewa kabisa, utamwitaje mtoto jina ambalo kila ukilitaja unamzika mke wako upya? Lakini lile lilikuwa neno la mwisho la mama. Halafu wapo wanaosema hilo oni laweza pia kuwa nguvu, basi hapo nazidi kuchanganyikiwa, sijui mama naye alikuwa anamaanisha nini.

Mdogo wangu ukimwita Benyamini anaitika palepale alipo. Mama mdogo akipiga simu, akasikia tu "Masumbuko", anainuka anatoka nje, na huko hukaa sana.