Nilivyoisaka sheria ya amana ya nyumba mtandaoni, hapa Ohio

Jirani yetu hapa Columbus, mama wa Bukavu, alihama nyumba, akarudisha funguo na kuacha anwani yake mpya kwa maandishi. Mwenye nyumba akakaa kimya na amana yake, yaani pesa ya dhamana aliyoitoa alipoingia. Kila aliyemwendea alimwambia atafute wakili. Nikamwambia, "Mama, kwanza tuisome sheria yenyewe."

Kabla ya kufungua kompyuta, jua jambo lako linaangukia wapi. Marekani ina sheria za shirikisho zinazotungwa na Bunge kule Washington, na kila jimbo kati ya majimbo 50 lina zake. Uhamiaji ni wa shirikisho, kufilisika pia. Amana ya nyumba, kwa sehemu kubwa, ni ya jimbo. Ukisoma sheria ya California nawe unaishi Ohio, umepoteza usiku wako bure.

Sheria za Ohio ziko codes.ohio.gov, tovuti ya jimbo lenyewe, bila malipo, na kila kifungu kina tarehe kilipoanza kutumika. Nikaingia sura ya 5321, ya wapangaji na wenye nyumba, hadi kifungu cha 5321.16. Mwenye nyumba ana siku 30 za kurudisha amana, tangu mkataba uishe na nyumba irudishwe. Akikata chochote, aorodheshe makato kwa maandishi. Akizuia pesa isivyo halali, mpangaji aliyeacha anwani kwa maandishi anaweza kudai kilichozuiwa, na fidia ya kiasi hicho hicho, na ada ya wakili kwa kiwango cha haki. Nilikuwa nikimfasiria mstari kwa mstari, naye ananirudisha kila penye "na" au "au". Alifanya vizuri sana, maana neno dogo kama hilo ndilo linaloamua unapata nini.

Lakini kifungu hakisomwi peke yake. Unataka kujua majaji wamekielewaje. Hapo nilitumia Google Scholar, tovuti ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma na hukumu: nikachagua hukumu badala ya makala, nikabakiza mahakama za Ohio tu, nikaandika namba ya kifungu. Ikatokea Smith v. Padgett ya mwaka 1987, ambamo Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema fidia ile ya kiasi hicho hicho ni lazima pesa ikizuiwa isivyo halali, hata kama mwenye nyumba alitoa orodha ya makato. Chini ya kila hukumu kuna kiungo cha hukumu za baadaye zilizoitaja. Usikiruke kamwe! Hukumu ya zamani inaweza kuwa imeshatenguliwa.

Tukaandika barua: tarehe ya funguo, namba ya kifungu, jina la hukumu. Hundi ya amana yote ikaja, hatukufika hata mahakama ya madai madogo.

Tangu hapo watu huniletea mambo ya shirikisho pia. Kwa hayo naanzia tovuti ya sheria ya Chuo Kikuu cha Cornell, iliyopo tangu 1992, yenye sheria na kanuni za shirikisho. Majalada ya kesi za shirikisho yako PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama zenyewe, kwa senti 10 kila ukurasa, kwa hiyo angalia kwanza tovuti ya CourtListener: nyaraka nyingi ambazo wengine wameshazilipia zimewekwa humo, unazisoma bure.