Nilivyojifunza upanga upya baada ya miaka sita ya mashindano

Mi nimecheza wushu, sanaa ya mapigano ya Kichina, miaka sita, hasa jianshu, yaani mchezo wa ule upanga ulionyooka wenye makali pande mbili. Mashindanoni unaingia peke yako kwenye zulia la mita 14 kwa 8, unacheza fomu yako, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa tayari, isiyopungua dakika 1 na sekunde 20, majaji wanakupa alama kati ya 10: 5 za usahihi wa miondoko, 3 za uchezaji wako kwa jumla, 2 za ugumu, na hizo 2 ndo zinamaliza magoti ya watu maana ni kuruka, kuzunguka hewani nyuzi 540 au 720 alafu utue bila kuyumba. Mpinzani hakuna. Upanga wenyewe ni mwembamba unatetemeka, ukichoma unalia mpaka ukumbi unasikia. Naupenda mchezo huu mpaka leo.

Sasa nikiwa nasoma Beijing nikakuta bustanini mzee mmoja na wanafunzi wake asubuhi, wamevaa helmeti na glavu, wanapigana wawili wawili kwa mapanga ya mbao, nikaomba nijaribu. Kila nikiingia na ile hatua yangu ndefu, mkono umenyooka mbele, napigwa kifundo cha mkono. Nikizunguka nachomwa ubavuni kabla sijamaliza mzunguko. Mzee akaniuliza, "Kijana, huo upanga unamwonyesha nani?" Nilirudi hosteli mkono umevimba na usingizi haukuja, nawaza miaka sita yote nilikuwa nafanya nini.

Nikaanza upya. Upanga mwembamba nikaacha kabatini siku za bustani, nikanunua wa mbao ngumu unaozidi nusu kilo, na huo haukuruhusu kabisa kuuzungusha zungusha kiunoni, unachoka mapema. Alafu mwendo. Kwenye fomu mguu na mkono vinafika pamoja, ndo inapendeza, ila ukiwa na mtu mbele yako ncha lazima itangulie na mguu ufuate, la sivyo umempelekea mwili wako kabla hujamtishia na chochote. Hilo peke yake lilinichukua karibu miezi minne, asubuhi mia za kuchoma hewa taratibu.

Kilichonigusa zaidi ni dian. Ni mwondoko wa kuinua kifundo ghafla, ncha inashuka kama kuku anadonoa. Nimeufanya maelfu ya mara kwa ajili ya majaji, kumbe ndo ule ule niliokuwa napigwa nao, unadonoa mkono wa mwenye upanga! Yaani silaha nilikuwa nayo siku zote, nilichokosa ni mtu wa kunionyesha umbali wake. Ndo maana sikubaliani na wanaosema fomu ni dansi tupu.

Bado nashindana, na Jumamosi naenda bustanini. Kuzunguka ndo hakujanitoka, nikibanwa mwili unageuka wenyewe, na yule mzee anasubiri hapo hapo mgongoni.