Usiku Wageni Walipofika

Sanduku lilifika saa 3 usiku, siku nzima baada ya muda tulioahidiwa. Nililipokea mlangoni, na lilipoinama kidogo nikasikia maji yakicheza ndani. Vipande 5 vya matumbawe, wanyama wa baharini wanaokaa palepale walipojishika, vilikuwa vimekaa humo gizani kwa zaidi ya saa 40.

Tangi langu lilikuwa limetulia kwa miezi 8. Lilikuwa na samaki wawili, konokono na matumbawe laini machache yasiyosumbua. Wanne kati ya wageni hawa walikuwa wangu wa kwanza wagumu, wale wanaojijengea mifupa ya chokaa: Acropora wawili, Montipora mmoja na Euphyllia wa matawi mwenye vichwa 3. Cha tano kilikuwa kipande cha Palythoa, jamaa wa matumbawe asiye na mfupa. Nilikuwa nimewaandalia kila mmoja mahali pake juu ya mwamba, Acropora juu kabisa karibu na taa. Nilikuwa nimeandaa pia mpira mwembamba wenye fundo, wa kudondoshea maji ya tangi tone kwa tone ndani ya ndoo. Nilipanga kuwadondoshea kwa saa mbili. Kwangu huo ndio ulikuwa upole.

Kabla ya kufungua chochote nikampigia mzee aliyenitangulia miaka mingi katika ufugaji huu.

"Shikamoo mzee. Wageni wamefika."

"Marahaba. Hujafungua mifuko?"

"Bado. Nataka niwazoeshe maji polepole, wasishtuke."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hao wamelala kwenye uchafu wao karibu siku mbili. Unataka kuwaongezea saa mbili nyingine?"

Akanieleza jambo ambalo mpaka leo naliona ndilo muhimu kuliko yote katika kupokea matumbawe yaliyosafirishwa. Ndani ya mfuko uliofungwa mnyama anaendelea kupumua na kutoa taka. Kaboni dioksidi hujikusanya, pH ya maji hushuka, yaani maji huwa machachu zaidi, na kwenye pH ya chini sehemu kubwa ya amonia, sumu iliyomo kwenye taka hizo, hukaa kama amoniamu, ambayo haiwadhuru sana. Ukishafungua mfuko, kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na kilekile kilichokuwa kimetulia kinarudi kuwa sumu. Kwa hiyo mfuko ukiwa umefungwa, subiri, ukishafunguliwa, usizubae. Mimi nilikuwa nakaribia kufanya kinyume.

Nilizima taa za tangi, nikaiacha mifuko ielee juu ya maji ikiwa imefungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane. Wakati huo nikajaza bakuli jeupe maji ya tangi yenye dawa ya kuchovyea, na jingine la kusuuzia. Nikavaa glavu na miwani ya kinga kwa sababu ya Palythoa. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana; wapo wafugaji waliolazwa hospitalini baada tu ya kumwagia maji ya moto mawe yenye viumbe hao na kuvuta mvuke wake.

Kisha nikafungua mmoja mmoja. Nilipima chumvi ya mfuko wa kwanza nikakuta gramu 33 kwa lita, yangu ilikuwa 35. Mzee alisema tofauti hiyo wataivumilia. Kila mnyama alitoka kwa mkono na kuingia bakulini. Maji ya mfuko yalikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya kumwaga, hata tone lisiguse tangi.

Mfuko wa Euphyllia ulininukia kabla sijatazama. Kichwa kimoja kilikuwa kimegeuka ute wa kahawia, kama uji ulioachwa. Ute huo ukigusa vichwa vingine unaweza kuvimaliza navyo, basi nikaufyonza kwa bomba la sindano, nikalikata tawi lile kwa koleo. Mkono ulinitetemeka. Vichwa viwili vilivyobaki vilikuwa vimejikunja hadi ndani ya mifupa, lakini vilikuwa na rangi.

Kilichonishika zaidi ni Acropora wa kijani. Alionekana mzima, ila tu alikuwa na vidoa vidogo vya mviringo vilivyofifia, kana kwamba mtu amemgusa kwa ncha ya kidole chenye chokaa. Nilipompulizia maji kwa bomba lile, kitu kikaachia na kuanguka polepole. Kwenye weupe wa bakuli kilionekana kama kipande cha ukucha, cha rangi ya hudhurungi hafifu, bapa kabisa. Kisha kikajikunja. Mnyoo bapa. Ukiwa juu ya Acropora huwezi kuuona, kwa sababu unafanana na nyama unayoila. Nilipuliza tena, wakaanguka wengine watatu.

Nikachukua lenzi nikamgeuza. Chini, pale ambapo nyama inakoma na mfupa unabaki mtupu, palikuwa na kijikundi cha mayai ya rangi ya asali. Dawa ya kuchovya huwaangusha minyoo; mayai haiyawezi. Nilimtenganisha na kibao alichogandishiwa, nikakwangua mayai kwa kisu, nikakitupa kibao.

Miamba niliyoiandaa haikupata mgeni usiku ule. Wote 5 waliingia kwenye tangi dogo la pembeni, lenye pampu, hita na mwanga hafifu. Tangi hilo nililiweka kwa kumtii mzee tu, sikuamini kwamba nitalihitaji. Mwanga hafifu nao una sababu: ndani ya nyama yao wanaishi mwani wanaowalisha, na baada ya giza refu, taa kali ya ghafla inaweza kuwafanya wawatoe na kubaki weupe.

Siku ya nne Acropora wa pili, asiye na mnyoo hata mmoja, alianza kuchubuka kutoka chini. Nililala nikiwa na matumaini. Asubuhi alikuwa mfupa mweupe, na vipande vya ngozi yake vikizungushwa na pampu. Niliumia kuliko nilivyotegemea.

Wale waliobaki niliwachovya kila wiki kwa wiki 6. Wiki ya pili walianguka minyoo wawili, ya tatu mmoja, kisha bakuli likabaki safi. Mwanga niliupandisha kidogo kidogo. Walipohamia tangi kubwa niliwaweka wote chini kwenye mchanga, Acropora akiwa mbali na Euphyllia ambaye usiku hurefusha minyiri yake na kuwachoma majirani.

Usiku wa tatu nilishuka na tochi nyekundu. Acropora wa kijani alikuwa ametoa polipu zake zote, vile vinywa vidogo vyenye minyiri, kila moja imefunguka kama kinyota, na pale nilipokwangua kwa kisu nyama mpya ilikuwa imeshaanza kuteremka juu ya mfupa.