Maziwa ya waanzilishi yaliyoishia kwenye sifuri

Siku ya malipo babu mmoja wa Pongwe alinijia na stakabadhi mkononi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akaninyooshea karatasi. Wiki mbili nzima, kila siku kilo 0.00.

"Mjukuu wangu," akasema, "ng'ombe wangu hajakauka. Kila alfajiri nakuja hapa na ndoo na karani ananiona. Maziwa yangu anakunywa nani?"

Sikuwa na jibu, na programu ilikuwa yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kituo cha kukusanyia maziwa kilikuwa kimenunua mizani ya umeme. Karani anabonyeza namba ya mwanachama, anaweka ndoo, na mizani inatuma mstari mmoja kwa waya hadi kwenye kompyuta ndogo iliyo kwenye kona. Mstari una baiti 6 za namba ya mwanachama, baiti 6 za uzito, kisha alama ya kumaliza mstari. Programu ya kuusoma niliiandika kwa lugha ya C, usiku, nyumbani Ngamiani. Nikaijaribu kwa mwanachama namba 310045, uzito 008.20. Ikasoma bila tatizo. Nikaikabidhi, nikaenda zangu.

Baada ya babu yule wakaja wengine kumi na kitu. Kwanza niliushuku waya, nikanunua mwingine. Kisha nikaishuku mizani. Nilipoangalia mistari inayoingia kwenye skrini niliona kitu kama 310012.50, nikajiambia kumbe mizani inakula tarakimu. Haikuwa inakula kitu.

Karani ndiye aliyenifungua macho, na hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu maishani mwake. "Kaka," akaniambia, "hawa wote wanaolalamika ni waanzilishi. Wana namba fupi." Kweli. Wanachama wapya wana namba za tarakimu 6, mbili za kijiji na nne za mtu. Wale wa zamani walipewa 1, 2, 3 na kuendelea hadi mia tatu na kitu. Babu wa Pongwe ni namba 310.

Hapo nikaupitisha mstari kwenye amri ya od -c, ambayo huonyesha kila baiti hata zile zisizochorwa kwenye skrini. Ukatoka hivi:

3 1 0 \0 \0 \0 0 1 2 . 5 0 \n

Namba ikiwa fupi, mizani haijazi nafasi iliyobaki kwa nafasi tupu kama nilivyodhani. Inajaza kwa baiti ya sifuri, ile inayoandikwa \0 hapo juu. Si herufi 0 ya tarakimu, ambayo thamani yake ni 48, bali baiti yenye thamani sifuri kabisa. Skrini haiionyeshi. Na kwa C, baiti hiyo maana yake ni moja tu: stringi, yaani mfululizo wa herufi, imeisha. Mimi nilikuwa nimenakili mstari kwa strcpy, amri ya C ya kunakili stringi. Ilipofika baada ya 310 ikakutana na sifuri, ikasimama, na uzito ukabaki nje. Kilo kumi na mbili na nusu za babu zilikuwa zimefika hadi ndani ya kompyuta, zikaachwa mlangoni.

Tabia hii ni ya tangu miaka ya mwanzo ya 1970, pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani. Dennis Ritchie, aliyeibuni C, alieleza baadaye kwamba kuhifadhi urefu wa stringi mwanzoni mwake kungeweka kikomo, kwa sababu urefu ungekaa kwenye biti 8 au 9 tu, na kwamba alama ya mwisho waliiona rahisi zaidi kwa kazi zao. Simlaumu. Yeye hakuniambia nitumie strcpy kwa kitu ambacho si stringi.

Sasa nikafanya kosa la pili, na hili linaniuma kuliko la kwanza kwa sababu nilikuwa tayari nimeujua ugonjwa. Nikasema, kama baiti za sifuri ndizo tatizo, nazifuta zote. Mistari minne ya msimbo, dakika kumi, nikaenda kunywa chai.

Kesho yake mama mmoja akaja kituoni na ujumbe wa simu. "Mmeniandikia nusu kilo mara ya pili. Mimi nimeleta ndoo moja tu." Mama yule ni namba 310012. Ukifuta sifuri kwenye mstari wa babu unabaki na 310012.50. Baiti 6 za mwanzo ni 310012, na kinachobaki, .50, kinasomwa kuwa uzito. Kwa hiyo babu hakupata kitu, na mama asiyehusika akapata nusu kilo. Kosa la kwanza lilikuwa linapoteza maziwa, na hili langu jipya likawa linayagawa kwa watu wengine. Bahati yetu mama yule ni mwaminifu.

Dawa ilikuwa kuacha kuufanya mstari kuwa stringi. Sasa naupokea kama baiti 13 na urefu wake naushika mwenyewe, siombi strlen, amri ya kupima urefu wa stringi, inihesabie. Nakata vipande viwili kwa memcpy, inayonakili idadi ya baiti ninayoitaja bila kujali sifuri, 6 na 6. Ndani ya kila kipande naondoa baiti za sifuri za mwishoni tu, nikitoka nyuma kwenda mbele. Kikibaki na baiti ya sifuri katikati, mstari unakataliwa na karani anaambiwa apime tena. Rafiki yangu aliona hilo la kukataa ni ukali mno. Nikamkumbusha mwaka 2009, Moxie Marlinspike, mtafiti wa usalama wa kompyuta, alipoonyesha cheti cha kuthibitisha tovuti chenye jina lililopachikwa baiti ya sifuri katikati. Mtoa cheti alitazama mkia wa jina, akaona ni mali ya mwombaji. Kivinjari kikasoma jina la benki lililotangulia, kikasimama kwenye sifuri, kikaamini kimefika benki. Programu mbili zikisoma stringi moja na kuona vitu viwili, aliye katikati analiwa.

Kuijaribu dawa hiyo nako kulinitoa jasho. Niliandika mstari wa majaribio "310\0\0\0012.50" na jaribio likafeli ingawa msimbo ulikuwa sahihi. Ilinichukua hadi saa saba usiku kugundua kwamba C huichukua \0 pamoja na tarakimu zinazoifuata, hadi tarakimu tatu kwa jumla, kama namba ya mfumo wa nane. \001 ikawa baiti yenye thamani 1, ikafuatwa na 2. Nikaitenganisha stringi kuwa mbili, "310\0\0\0" "012.50", kompyuta ikaziunganisha yenyewe, jaribio likapita.

Nikataka pia kuhifadhi kila mstari mbichi kama ushahidi. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ikanikatalia, kwani safu ya aina ya text haipokei baiti ya sifuri kabisa. Nikabadilisha safu iwe bytea, aina inayopokea baiti yoyote, ikakubali.

Yaliyopotea kabla ya hapo hayakuwemo popote kwenye kompyuta. Yalikuwemo kwenye daftari la karani, lile la mistari lenye kava la bluu, ambalo nilikuwa nimemwambia aache kuandika tangu siku ya kwanza na yeye akanyamaza tu, akaendelea. Tulikaa jioni mbili, yeye anasoma na mimi naingiza. Babu alikuja siku ya tatu, akavaa miwani, akahesabu mstari kwa mstari.

"Alhamisi ile nilileta jioni pia," akasema.

Tukafungua daftari. Ilikuwemo.