Picha ya Marehemu Hutoka Harusini

Wateja wa harusi hunipa taarifa mapema. Kamati inakaa vikao, mtunza hazina anapiga simu kuomba nipunguze bei, kisha anapiga tena kuomba nipunguze zaidi, na siku yenyewe inapofika kila kitu kimeandikwa kwenye ratiba, hata kama ratiba hiyo hakuna anayeifuata. Wateja wa msiba hawana vikao. Mtu anaingia studio yangu hapa Ngamiani, Tanga, asubuhi na mapema, kandambili miguuni na macho mekundu kwa kukesha, ananinyooshea simu na kusema, "Kaka, tunaomba picha ya mzee, ibada ni saa nane mchana." Nikimwuliza kama ipo nyingine iliyo bora zaidi, jibu kwa kawaida ni lile lile: ipo hiyo tu, alipigwa kwenye harusi ya fulani.

Ndiyo sababu nimefikia kuamini kwamba mpiga picha wa harusi hufanya kazi mbili kwa malipo ya moja. Ile ya kwanza, ya bibi na bwana harusi, wote wanaijua na wote wana maoni juu yake. Ile ya pili haijaandikwa kwenye mkataba wowote, nayo ni kuwapiga picha watu wazima waliokaa kwenye meza za nyuma, ambao siku hiyo wamevaa vizuri, wamenyolewa, wamefurahi, na ambao pengine hawatasimama tena mbele ya kamera mpaka wanaondoka duniani.

Zamani studio ilikuwa na msaada wa vitambulisho. Mzee asiyependa picha alilazimika kuja, akakaa mbele ya pazia la bluu, akachana nywele kwenye kioo kilichopasuka pembeni, na mara nyingine akaazima koti la studio ambalo lilikuwa limevaliwa na nusu ya mtaa. Kutokana na picha ile ndogo, negativu, yaani kipande cha filamu ambacho picha husafishwa kutoka kwake, ilibaki kwetu. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipoandikisha wapiga kura kwa mashine za BVR, zile za kuchukua alama za vidole na sura, picha ilipigwa pale pale mezani kwa mwandikishaji, na vitambulisho vya taifa vya NIDA vimefuata mtindo huo huo. Silalamiki sana, kwa kuwa kazi imerahisika kwa wananchi, lakini picha ile haiji nyumbani isipokuwa kama kisura kidogo juu ya kadi, na wanafamilia wakiniletea kadi hiyo niikuze, ninachopata ni vitone vya wino.

Matumizi ya picha msibani hayafanani katika nyumba zote, na mpiga picha wa Tanga hana budi kuyajua. Kwa Wakristo picha hutangulia: huwekwa mbele ya jeneza, hubebwa pamoja na msalaba kuelekea makaburini, na ndiyo inayopamba karatasi ya ratiba ya ibada. Kwa sisi Waislamu maziko huharakishwa, na hakuna anayewaza habari za fremu. Haja huja baadaye, baada ya khitma, pengine baada ya arobaini, na huja kimyakimya, mtoto mmoja peke yake, bila kuwaambia wenzake, kwa kuwa katika nyumba hiyo hiyo yupo mjomba asiyetaka sura ya mtu ukutani. Mimi simwulizi mtu maswali hayo. Namwuliza tu anataka ukubwa gani.

Naomba nieleze ugumu wa kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni suala la kubonyeza kitufe. Chukua picha ya pamoja ya harusi iliyopigwa kwa filamu ya milimita 35. Kisanduku kimoja cha negativu kina upana wa milimita 36, na ndani yake wamepangwa ndugu kwa safu tatu, safu yenye upana wa mita sita hivi. Uso wa mzee aliyesimama nyuma, kwenye negativu hiyo, una urefu wa takriban milimita moja na nusu. Familia inataka uso huo uwe na urefu wa sentimita 10 ndani ya fremu, maana yake uukuze zaidi ya mara 60. Punje za filamu hujitokeza, mashavu yakawa kama mchanga. Hata hivyo punje zina heshima yake, kwa kuwa zilikuwapo siku ile. Mwanga uliogusa uso wa mzee ndio uliozichora.

Simu za leo hazijaondoa tatizo hili. Picha ya pamoja ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi upande wake mrefu kubaki na pikseli 1,600 hivi, na uso wa yule yule mzee wa safu ya nyuma hubaki na pikseli 60. Ikipita kwenye kundi la ukoo, kisha kundi la mtaa, kisha mtu akaipiga picha ya skrini kutoka kwenye status, hapo tena ni ukungu mtupu. Nawaambia wateja wangu kila mara: tumeni kama dokumenti, au leteni simu yenyewe iliyopiga. Siku hizi vijana huniletea picha ambayo wameshaipitisha kwenye programu za akili mnemba, imesafishika, imeng'aa, na macho yanametameta. Aliwahi kuja kijana mmoja na picha ya bibi yake ya namna hiyo. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, na bibi alikuwa amepewa meno yote ya mbele. Shangazi yake, aliyekuja naye, aliitazama kwa muda, akairudisha mezani, akasema, "Huyu ni mwanamke mwingine." Tulirudi kwenye ile yenye ukungu.

Kwetu nyumbani picha ya baba ina historia ya namna hiyo hiyo. Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli, mtu wa maneno machache, na kwa miaka yote niliyoshika kamera hakukubali nimpige akiwa amekaa rasmi. Alikuwa akisema kwamba filamu ni ghali na wateja wanasubiri. Alipofariki, tulipekua albamu zetu tukakuta mikono yake tu, ikimshika mdogo wangu begani au ikimpokea mgeni mlangoni. Picha yake nzima ilipatikana kwa jirani wa Makorora, kwenye albamu ya harusi ya binti yake. Baba amesimama kando ya ukumbi, amevaa kaunda suti ya kijivu, ameshika chupa ya soda shingoni, amegeuka upande na anacheka mpaka jicho moja limefumba. Aliyesimama karibu naye, mdomo ukiwa bado wazi kwa alichokuwa akikisema, ni rafiki yake waliyekuwa wakicheza bao pamoja kila jioni baada ya Alasiri.

Ndugu zangu walitaka nimkate yule rafiki ili baba abaki peke yake katikati ya fremu, na kwa upande wa ufundi lilikuwa jambo jepesi. Mama alikataa. "Huyo mkimwondoa," alisema, "baba yenu atakuwa anamcheka nani?" Basi ikakuzwa hivyo hivyo, wawili, na wageni wasiotufahamu huuliza yupi kati yao ni baba mwenye nyumba. Yule mzee wa bao naye alipofariki, wanawe walikuja kwangu kuomba picha, na nilipowaonyesha wakaichagua hiyo hiyo, ila wao walitaka ikatwe. Niliikata walivyotaka. Ukutani kwao kimebaki kiwiko cha baba na nusu ya chupa ya soda.

Tangu hapo nimebadili namna ninavyofanya kazi harusini. Kabla chakula hakijagawiwa, wakati soda zimeshafika mezani na watu bado hawajaanza kutafuna, napita meza moja baada ya nyingine na kumpiga kila mtu mzima kwa karibu, kichwa na mabega, bila kumwambia apange uso. Kumbi za siku hizi zina changamoto zake. Dari hufunikwa vitambaa vya zambarau, na ukielekeza flashi juu kama tulivyofundishwa, mwanga unaorudi una rangi ya kitambaa, na wazee wote wanakuwa na sura ya mbilingani. Nimeanza kubeba kipande cha ubao mweupe niurudishe mwanga kwa hicho. Jambo jingine ni shela: kamera ikiona weupe mwingi hujidanganya kwamba mwanga umezidi, ikapunguza, na nyuso zetu nyeusi zikazama gizani. Ni lazima upime mwanga usoni, gauni lijitetee lenyewe.

Kamati hazifurahii sana. Mwenyekiti mmoja aliniambia wazi kwamba hakulipa fedha ili apewe picha za wanawake wanaomenya vitunguu uani na mpishi aliyeinama juu ya sufuria la pilau na mwiko mkononi. Namwelewa, albamu ni ya maharusi, na mkataba ni mkataba. Kwa hiyo picha hizo siziweki kwenye albamu, nazihifadhi kando, na simtozi mtu. Mama mmoja kati ya wale wa vitunguu ameshatangulia mbele ya haki, na picha iliyotumika ni ile ya uani.

Hata hivyo sitaki nionekane kana kwamba ninajua siku zote ni picha ipi itakayopendwa. Karibu na studio yangu yupo mama anayeuza vitumbua tangu alfajiri. Kwa muda mrefu nilitamani kumpiga akiwa kazini, mvuke ukipanda kutoka kwenye chuma, kijiti chake kikigeuza kitumbua kabla hakijashika, na mwanga wa asubuhi ukimjia kwa ubavuni. Nilipomwomba alishangaa: "Mwanangu, na khanga hizi za unga?" Alikubali kwa sharti kwamba Ijumaa angekuja amevaa, nimpige nyingine. Alikuja kweli, na baibui jipya, hina mkononi, ameketi wima na uso mkavu kama yuko mahakamani. Zote mbili nilimtumia binti yake anayefanya kazi Muscat, nikiwa na hakika kwamba atachagua ile ya mvuke. Alichagua ya Ijumaa, akaiwekea fremu ya dhahabu. Mimi bado naona ile ya kwanza ni bora, lakini mama si wangu.

Sehemu ya kazi ninayoipenda zaidi kwa sasa haina kamera. Mzee aliyenifundisha ufundi huu, tangu kuchanganya dawa za kusafishia picha hadi kukaa chumba cha giza bila kuogopa, aliponiachia studio aliniachia pia maboksi ya negativu. Unyevu wa Tanga ni adui: ukungu hula ule utando wa gelatini unaobeba picha, na rangi za filamu za rangi hupauka mapema kuliko fedha iliyomo kwenye filamu za nyeusi na nyeupe. Kule Unguja, studio ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 iliendelezwa na mwanawe Rohit, na nikifikiri mzigo wa miaka hiyo yote nauona mzigo wangu ni mdogo. Shida yangu kubwa ni majina. Bahasha nyingi zimeandikwa tu "harusi, Mabawa" au "watu wa Pongwe".

Hapo ndipo anapoingia rafiki yangu fundi cherehani, ambaye kibaraza chake kinapakana na mlango wangu. Amenizidi umri sana, nami humwita kaka. Yeye huniita kijana hata mbele ya wateja. Sura za watu huzisahau, lakini nguo aliyoishona haisahau. Nikimwekea negativu mbele ya taa, huinama, husogeza miwani, na kuanza kusoma: hii bugaluu ni ya kwangu, tazama mshono wa pembeni; hii kaunda suti nilimshonea karani wa bandari, alilipa kwa awamu; hili koti si langu, kola imelala vibaya, alishonewa Muheza. Kutoka kwenye nguo hupata jina la mtu, kutoka kwenye jina hupata mtaa, na jioni hiyo hiyo hutuma mtoto kwenda kuuliza kama familia bado ipo. Hivyo ndivyo bahasha zinavyopata wenyewe, moja moja, na mara nyingine wenyewe hao hufika wakiwa wawili, walioachana zamani, kila mmoja akitaka mwenzake akatwe.

Tunachobishana sisi wawili ni bei. Mimi hutoza karatasi na wino tu, kwa kuwa naona kumtafuta mtu ndani ya boksi si huduma ya kuuzwa. Yeye anasema huo ni ujinga, kwamba muda ni fedha na kwamba yeye hajawahi kumpimia mtu suruali bure. Wiki iliyopita alimwambia mteja bei yake mwenyewe kabla sijafungua mdomo, mteja akalipa bila kulalamika, na fundi akachukua sehemu ya fedha hizo kama ada ya kutambua mshono.