Ukurasa wa kusikilizia nyimbo za klabu

Klabu yetu ya taarab, huku Ng'ambo mjini Unguja, ilikuwa na kaseti nyingi za zamani ambazo tulikuwa tukiogopa hata kuzipiga. Utepe huchakaa kila unapopita, na joto na unyevu wa hapa haviuonei huruma. Vijana wa klabu wakazihamishia kwenye kompyuta. Kaseti haina njia ya mkato: ya dakika 60 itakula dakika 60. Nakala kamili ziliwekwa kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, ambayo huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, na za kusikilizia zikapunguzwa kuwa MP3, faili la sauti lililobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 1 kwa dakika. Sifa ya kazi hiyo ni yao. Mimi nilipewa inayofuata: nyimbo zimo ndani ya kompyuta, wanachama watazifikia vipi?

Mimi ni mpiga fidla, kompyuta sikuisomea. Tulikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani, tukaitia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na Apache, programu ya seva iliyoanza mwaka 1995 na inayotumika hadi leo, kisha tukaiunga kwenye ruta. Aliyemo ukumbini anaandika kwenye simu yake anuani inayoanzia 192.168 na anaingia. Bando haliguswi, kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya jengo. Hilo la bando liliwavuta watu kuliko jengine lolote.

Apache ikikuta folda isiyo na ukurasa wake, na ikiwa imeruhusiwa, huorodhesha yenyewe yaliyomo: jina la faili, tarehe, ukubwa, vyote kwa herufi ndogondogo na vichwa vya Kiingereza. Bibi mmoja aliyeiimbia klabu miaka mingi aliisogeza simu karibu na macho, akaniambia, "Mwanangu, nyimbo zangu zi wapi hapa? Mimi naona tarakimu tu."

Alikuwa na haki. Tarehe ile ni ya siku faili lilipohifadhiwa, haihusiani na siku wimbo ulipoimbwa. Kwa orodha ile, wimbo wa zamani kabisa na zoezi la juzi ni rika moja. Unaweza kuipamba orodha ya Apache, ukaitia rangi na maelezo juu na chini, lakini haitakuambia nani aliimba. Hapo ndipo nilipoamua kuandika ukurasa wangu kwa PHP, lugha ya programu aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995 na ambayo bado ni nyepesi kwa anayeanza.

Kuorodhesha mafaili kwa PHP si jambo gumu. Amri ya scandir unaipa folda, inakurudishia majina yote yaliyomo, kisha unayapitia moja moja na kuyaandika kama viungo vya kubofya. Ndani ya majina hayo huja nukta moja, yaani folda yenyewe, na nukta mbili, yaani folda ya juu yake, hayo unayaruka. Mpangilio wake nao unahitaji mkono wako: herufi kubwa hutangulia ndogo, na 10 hukaa kabla ya 2. Amri ya natcasesort huyapanga kama mtu angeyapanga.

Kazi iliyochukua muda ilifanyika barazani, mbali na kompyuta. Kompyuta haijui mwimbaji ni nani mpaka uiambie, na mahali pepesi pa kuiambia ni kwenye jina la faili. Tukakubaliana kila jina liwe na sehemu nne: mwimbaji, wimbo, mtunzi, mwaka, na baina ya sehemu na sehemu mistari miwili ya chini (__). Ukurasa hulikata jina hapo na kuziweka sehemu kwenye safu zake. Basi wazee wakaanza kusikiliza na kusema. Nyimbo nyengine zilipita mara moja. Nyengine mmoja akisema mashairi ni ya fulani, wa pili akitikisa kichwa, wa tatu akileta jina jipya kabisa. Palipokosa makubaliano niliiacha sehemu ya mtunzi tupu, na ukurasa unaandika "haijathibitishwa". Sikutaka programu imalize ubishi ambao wenyewe hawajaumaliza. Nauthamini uwazi huo kuliko jina la kubahatisha, kwa sababu kilichoandikwa kwenye skrini watu hukiamini haraka mno.

Kiswahili chetu kina jambo lake ambalo mafunzo ya kigeni hayalitaji: ng'. Wimbo wenye ng' katika jina lake ulionekana vizuri kwenye orodha lakini ukiubofya haufunguki. Sababu ni kuwa katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, anuani ya kiungo hufungwa ndani ya alama za kunukuu, na ukitumia alama moja moja ('), ritifaa ya ng' inahesabiwa kuwa ndiyo mwisho wa anuani. Dawa yake ni mbili, kila moja na mahali pake: jina linaloingia kwenye anuani lipitishwe rawurlencode, ambayo huigeuza ritifaa kuwa %27, na jina linaloonekana kwa msomaji lipitishwe htmlspecialchars. Tangu PHP 8.1 amri hii ya pili huishughulikia ritifaa bila kuambiwa; kwenye toleo la nyuma lazima uongeze ENT_QUOTES.

Mpiga udi wetu, ambaye sote tunamwita Maalim, aliuangalia ukurasa kimya, kisha akauliza, "Na mtu akiiandika anuani mwenyewe, bila ya kubofya?"

Swali hilo lilibadilisha namna ninavyoifikiria kazi yote. Ukurasa hupokea jina la folda kutoka kwenye anuani, kwa mfano folda=bashraf, yaani folda ya vipande vya ala tupu. Asiyebofya anaweza kuandika nukta mbili na mkwaju (../), akarudia, akapanda juu mpaka nje ya folda ya nyimbo, na PHP ingemwoneshea majina ya mafaili yasiyomhusu. Kwa hiyo kila ombi linapitia realpath, amri inayoipata njia halisi baada ya nukta zote kukunjuliwa, kisha nahakikisha njia hiyo inaanza na /srv/taarab/. Ule mkwaju wa mwisho una maana kubwa. Bila yake, folda ya jirani inayoitwa /srv/taarab-mazoezi nayo ingepita, kwani nayo inaanza na herufi zilezile.

Na mazoezi tunayo kweli. Mna vicheko, mna kugombana, mna mwimbaji aliyesahau ubeti. Sikutosheka kuyaficha kwenye orodha tu, kwa kuwa faili lisiloorodheshwa bado linafunguka kwa anayelijua jina lake. Tuliyatoa kabisa kwenye folda ambazo Apache inaruhusiwa kuzigawa, yakabaki kwa katibu.

Kusikiliza kwenyewe nimeiachia Apache. Kiungo kinakwenda moja kwa moja kwenye MP3, na Apache inajua kutoa kipande cha faili pale simu inapokiomba, kwa jibu namba 206. Ndiyo maana mtu huweza kuvuta mpaka dakika ya nane ya wimbo, pale kanuni, ile ala ya nyuzi, inapoingia, bila ya kungoja. Vicheza sauti vyote vimewekewa preload="none", ili orodha ndefu isianze kuvuta nyimbo zote kwa pamoja na kuilemea ruta.

Sasa niko kwenye maneno ya nyimbo. Faili la maandishi likiwa na jina lilelile la wimbo ila mwisho wake ni .txt, ukurasa hulionesha chini ya kitufe cha kusikilizia, kwa herufi kubwa. Bashraf hazina maneno, hizo zimepita. Kwa nyimbo, pale sauti ya kaseti ilipofifia tunaweka nukta, na aliyesikia vizuri zaidi huandika kwenye daftari lililopo mezani. Nikimaliza mazoezi ya jioni nalirekebisha faili.